Kuosha na kupolishi gari mwenyewe hapa Mombasa kwa elfu tano: nianze na nini?

mtudor87:
Salaam wadau. Nina Toyota Axio ya buluu iliyokoza, imeshuka bandarini Kilindini mwaka jana na bodi yake bado nzuri. Nimechoka kuipeleka kuoshwa barabarani. Nikirudi nayo naiona imemeta, lakini jua la saa nne likiipiga ubavuni naona vimikwaruzo vya duara boneti nzima, kama utando wa buibui. Nataka niwe nakosha mwenyewe hapa nyumbani Tudor, chini ya mwarobaini wa uani. Maji ya mfereji yaja siku yanayotaka, siku nyingine ni ya kisima au ya mkokoteni.

Bajeti yangu ni shilingi 5,000, si zaidi. Kuna jamaa ana mashine ya umeme ya kupolishi, ya mtumba, yuko tayari kuniachia kwa pesa ambayo itakula zaidi ya nusu ya hiyo bajeti. Niichukue? Na vingine ninunue vipi?

SimbaWaLikoni:
Chukua mashine bwana, vitambaa si kitu, chukua fulana kuukuu. Na mie nafuatilia uzi huu, gari langu lapanda feri kila siku.

AmiMakupa:
Kijana, hiyo mashine muachie mwenyewe. Simba, nakuheshimu, lakini hapo umempoteza mwenzio.

Sikiza. Rangi ya gari la siku hizi ina tabaka: praima, rangi yenyewe, halafu juu kabisa ile inayong'aa, mafundi huiita klia. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni kama mikroni 40 au 50. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hivyo unywele wa kichwa chako huenda ukawa mnene kuliko hiyo klia. Kila unapopolishi, unaikwangua kidogo mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Polishi haijazi kitu, yaondoa. Sasa mtu anayejifunza, na mashine ya kuzunguka moja kwa moja (nina hakika huyo jamaa anauza ya aina hiyo, zile zinazozunguka huku zikitikisika hazitoki kwa bei hiyo), akigusa ukingo wa boneti au mstari wa mlango kwa sekunde chache tu, klia imekwenda na rangi imefuata. Hapo hakuna cha kununua dukani, ni kwa fundi wa rangi.

Na hata ukiipolishi vizuri, ukiiosha tena kwa sponji yenye mchanga Jumamosi ijayo, vimikwaruzo vinarudi vyote. Kwa hivyo pesa yako iende kwanza kwa vitu vinavyogusa rangi: glavu, vitambaa, sabuni. Mimi ningezigawa hivi. Elfu mbili hivi kwa glavu na vitambaa. Shampuu ya gari usizidishe mia nane. Nta ya kulinda, elfu moja. Kinachobaki ni klei (udongo laini wa kuondolea uchafu ulionata kwenye rangi, nitaueleza), chupa ya polishi nyepesi na vitu vidogo vidogo. Ndoo zisikugharimu kitu.

Ndoo zenyewe: tafuta mbili za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kupikia, sokoni Kongowea hazikosi. Zioshe kwa maji moto na sabuni mpaka mkono ukipita ndani hautelezi. Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu. Ziandikie kwa kalamu nene, maana nusu ya kazi utakuwa umesahau ni ipi. Chini ya ile ya kusuuzia weka kitu cha plastiki chenye matundu, hata chujio pana la jikoni lililopinduliwa, ili mchanga ukishuka ubaki chini na glavu isiuguse tena. Glavu inapita paneli moja, inakwenda ndoo ya kusuuza, yakamuliwa, ndipo irudi kwenye sabuni. Hiyo tu ndiyo siri ya "ndoo mbili" mnayoisikia.

Glavu iwe ya maikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, na nyuzi zake ziwe ndefu. Sponji uso wake ni bapa, chembe ikinaswa hapo haina pa kwenda, itaburutwa mlangoni mpaka nyuma. Kwenye nyuzi ndefu chembe huingia ndani.

MkoshaGari:
Wacha na mie niseme, maana nyinyi mwatulaumu sana. Mie nakosha magari, ndiyo riziki yangu. Mteja aja na gari lina matope ya Mtwapa, asema ana dakika kumi, na bei ataka ipungue. Sponji ni ile ile kwa gari la asubuhi mpaka la jioni, ndoo ni moja, na maji nanunua kwa mtungi. Nibadilishe maji kwa kila gari, nitapeleka nini nyumbani? Kisha huyo huyo ataka tairi zimeremete, kwa hiyo apakwa mafuta ya taa, afurahi, aende. Mpira mafuta ya taa yaukausha, nalijua hilo, lakini nikimwambia akwenda kwa jirani.

Sasa ushauri wa kazi, bure. Rimu na tairi ziwe na ndoo yake, brashi yake, kitambaa chake. Vumbi la breki lina chuma. Likiingia kwenye glavu ya bodi umejimaliza. Anza na rimu, mwili baadaye. Na kabla hujagusa gari kwa mkono, mwagia maji kutoka juu mpaka uone yale yanayodondoka chini ya milango hayana rangi. Watu hapo ndipo wana haraka, na hapo ndipo mikwaruzo inapoanzia.

mtudor87:
Shukran Ami, shukran kaka MkoshaGari. Mashine nimeifuta. Lakini maswali. Kwani sabuni ya unga au ya vyombo ina ubaya gani? Nyumbani ipo tele. Na maji ya kisima chetu ni ya chumvi, ukioga ngozi yakaza. Naweza kuyatumia?

AmiMakupa:
Sabuni ya unga ina magadi mengi, na kuna chembe ambazo haziyeyuki zote kwenye maji baridi. Achana nayo kabisa. Ya vyombo haiharibu rangi siku moja, ila imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta ni mafuta. Ukiitumia kila wiki unavua gari kinga uliyolipia. Itumie mara moja tu, siku unayotaka kupolishi, ili nta ya zamani ipungue. Baada ya hapo ni shampuu ya gari.

Maji sasa. Hili ndilo la kwetu pwani, wa Nairobi hawatuelewi. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na karibu na bahari maji ya chumvi hupenya chini. Kwa hivyo kuna vitu viwili mle: chumvi yenyewe, na chokaa. Maji yakikauka juani, yenyewe hupanda mvuke lakini hivi vyabaki. Yale madoa meupe ya duara kwenye kioo na boneti ni chokaa. Chumvi nayo huvuta unyevu hewani, na hewa ya Mombasa haikosi unyevu, kwa hiyo hata gari likiwa limesimama usiku, penye chumvi pana majimaji. Chuma chaliwa polepole ukiwa umelala.

Mie nasema gari liguswe na maji matamu peke yake. Mitungi mitatu ya lita 20 yatosha gari dogo ukitumia akili: mmoja wa kulowesha na kuondoa matope, mmoja ugawe kwenye ndoo mbili, mmoja wa kusuuza. Nunua pampu ndogo ya mkono ya kunyunyizia maua, iwe mpya, si ile iliyopuliziwa dawa ya magugu. Yatoa maji kwa mkandamizo, na mtungi mmoja hufanya kazi kubwa.

Na masika tunayo. Kinga maji ya bati. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, kisha tega pipa. Maji ya mvua hayana chokaa ile ya kisima, hukauka bila yale madoa meupe.

MkoshaGari:
Ami, hapo kwenye "maji matamu peke yake" sikubaliani. Mtungi si bure. Tope zito la madigadi na tairi nalilegeza kwa maji ya kisima, halafu nasuuza kwa matamu. Muhimu ya mwisho yawe matamu na yawe mengi.

AmiMakupa:
Tope la tairi, haya. Boneti na milango hapana, na diski za breki hapana.

SimbaWaLikoni:
Hapo kwa chumvi mmenigusa. Upepo wa kusi ukivuma, juu ya feri kioo chote huwa na ukungu wa chumvi kabla hatujafika upande wa pili. Jirani yangu hupuliza mafuta machafu ya injini chini ya gari, asema kutu haishiki. Kweli?

AmiMakupa:
Chini ya gari kuna mabushi na mipira ya kila aina, na mafuta ya injini huivimbisha na kuilegeza. Yadondokea breki pia, na yamwagika barabarani mvua ikinyesha hadi baharini. Kisha vumbi lagandia mle, na unyevu wajificha chini ya vumbi. Asikupotoshe.

Wewe wa feri, kazi yako kubwa si juu, ni chini. Ile pampu ya mkono ipige ndani ya matao ya tairi, nyuma ya bampa, kwenye kingo za chini za milango. Na hili watu wengi hawalijui: chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Fungua mlango, inama, utaviona kwenye ukingo wa chini. Mchanga na majani ya mwarobaini huviziba, maji yenye chumvi yakaa ndani ya mlango, na kutu yaanza ndani ikitoka nje. Ukiiona rangi imevimba kwa chini, ndani kumeshaliwa. Kijiti cha meno chatosha kuvizibua, usitumie msumari.

Bi_Bamburi:
Naomba nisaidiwe na mimi. Jirani anajenga ghorofa, gari langu jeusi kila asubuhi limefunikwa vumbi la saruji. Mlinzi ameniwekea bidii ya kulipangusa kwa kitambaa kikavu kabla sijatoka. Namshukuru lakini naona boneti inafifia.

AmiMakupa:
Dada, mpe mlinzi shukrani na umwambie aache leo hii. Saruji ni chembe kali, kuipangusa kavu ni kupiga msasa. Isitoshe, umande wa alfajiri ukishaidondokea, saruji inafanya kile ilichotengenezwa kufanya: yaganda.

Ikiwa bado vumbi, mwagia maji mengi bila kugusa, kutoka paa kwenda chini, na yapite mpaka uridhike. Ikiwa imeshaganda vitone vitone, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika chache kivulini, saruji ilainike, halafu inua na usuuze sana. Rudia badala ya kusugua. Siki hiyo hiyo huondoa madoa ya maji ya kisima. Isikaukie kwenye rangi, na usiipake gari lenye joto. Ndimu kazi ya samaki, iache jikoni.

Na nunua turubai au kifuniko cha gari mpaka ujenzi uishe, lakini usikivute juu ya gari lenye vumbi, kitaburuta.

Bi_Bamburi:
Ahsante sana. Na kinyesi cha kunguru? Hapa wametuzidi.

AmiMakupa:
Kina tindikali, na jua letu laikoleza. Gari la nje mchana mmoja tu linaweza kubaki na kovu hata ukishakiondoa. Weka ndani ya gari chupa ndogo ya maji na karatasi laini za chooni. Lowesha karatasi, ilaze juu, hesabu taratibu mpaka kilainike, kisha nyanyua kwa kubana. Usiburute: mle ndani kuna mbegu na mchanga.

mtudor87:
Nimeelewa kuosha. Sasa hivi vimikwaruzo nilivyonavyo tayari, niishi navyo?

AmiMakupa:
La. Utapolishi kwa mkono, mara moja, vizuri, halafu utaacha. Mkono haumalizi vyote, lakini vile vyepesi vinavyoudhi juani vinapungua sana, na mkono ni vigumu kuchoma rangi.

Kwanza pitisha ukucha taratibu kukata mkwaruzo. Ukucha ukikwama, huo umeingia ndani sana, usihangaike nao kwa polishi. Pili, angalia paa na boneti. Ukiona klia imebabuka, ngozi nyeupe inachambuka kingoni, polishi haisaidii hapo kabisa. Magari mengi yaliyokaa juani hapa yameisha hivyo na watu wanaendelea kununua chupa za kampaundi, ile dawa kali ya kukwangulia rangi.

Baada ya kuosha na kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upitishe vidole juu ya boneti. Utahisi vipele ambavyo mkono mtupu hauvihisi. Hayo ni masizi, chembe za chuma, lami, yaliyoshika kwenye klia. Hapo ndipo klei yaingia. Ni udongo laini unaonata. Kata kipande, kibonye kiwe bapa, pulizia paneli maji yenye shampuu kidogo, kiteleze bila kukandamiza. Mwanzoni utasikia sauti ya kukwaruza, kisha yanyamaza. Kikunje upate uso safi, endelea. Vitone vikubwa vya lami viondoe kabla kwa tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, uoshe hapo hapo kwa sabuni. Hiyo ndiyo kazi pekee ya mafuta ya taa kwenye gari.

Polishi: nunua nyepesi ya kumalizia. Kampaundi ni kali, iache dukani. Ziba plastiki nyeusi na mipira ya madirisha kwa utepe wa karatasi, la sivyo zitabaki na weupe usiotoka. Fanya kwanza mahali padogo pasipoonekana, uone matokeo. Halafu eneo lisilozidi nusu mita kwa nusu mita, matone machache kwenye kipedi cha sponji laini, sugua kwa mistari inayokatana mpaka polishi ibaki ukungu mwembamba, futa kwa maikrofaiba. Kitambaa kikitoka na buluu, simama: hapo ulipo hapana klia, unakula rangi yenyewe.

Na yote haya kivulini, boneti ikiwa baridi ukiigusa kwa kiganja. Asubuhi mapema, au baada ya alasiri. Saa saba mchana hata shampuu yakukaukia mkononi. Chini ya mwarobaini nako angalia, vitunda vikidondoka navyo hunata.

SimbaWaLikoni:
Na nta ipi? Kuna ile ya kopo ya kanauba wanayoisifu.

AmiMakupa:
Kanauba hutoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazil wa jamii ya mnazi, mng'aro wake mzuri sana kwa gari jeusi. Lakini kwa joto letu haidumu. Kwa anayeegesha nje pwani, ningechukua ile ya kutengenezwa kiwandani, ya kupaka au ya kupulizia. Mng'aro wake si wa kanauba lakini yastahimili jua na kuoshwa. Alama ya kuwa imeisha ni hii: mwaga maji, yakitandaa badala ya kukusanyika vitone, paka tena.

MkoshaGari:
Ongeza: plastiki za ndani msipake mafuta ya nazi. Nimeona watu. Siku ya kwanza dashibodi yameta, ya pili vumbi lote limegandia, na mchana mwanga wake warudi kiooni huoni mbele. Kitambaa chenye unyevu chatosha.

mtudor87:
Haya wadau, nimezunguka leo. Ndoo mbili Kongowea, bei ya chai. Chujio nimemnyang'anya mke wangu, kesi bado yaendelea. Glavu, vitambaa sita, shampuu na kopo la nta nimepata maduka ya vipuri upande wa Makupa, klei nayo ipo. Muuzaji alitaka kunipa vitambaa vyembamba vya kufutia meza, nikavikataa. Polishi nyepesi imebaki ndani ya bajeti, pampu ya mkono imenipitisha kidogo. Ya kukaushia nitumie nini? Fulana za mitumba?

AmiMakupa:
Fulana zitumie kwa rimu na ndani ya milango. Za kukaushia bodi, tenga maikrofaiba nene mbili kati ya hizo sita, zilaze juu ya maji na uvute polepole, usizungushe. Kata vile vibandiko vya pembeni kabla hujaanza, vina ukingo mgumu. Kuvifua: peke yake, sabuni ya maji kidogo, bila ile dawa ya kulainisha nguo maana yaziba nyuzi, na uanike pasipo na upepo wa mchanga. Mpe mke wako chujio jipya.

Bi_Bamburi:
Ami, swali la mwisho. Nimeanza na klei leo, ikaniponyoka ikaanguka kwenye simiti. Nimeiosha vizuri kwa maji moto, niendelee nayo?

AmiMakupa:
Tupa, dada. Mchanga umeshaingia ndani, hautoki kwa kuosha. Ndiyo maana nikasema ukate kipande, usishike klei nzima. Kitambaa cha bodi kikianguka nacho kisirudi kwenye rangi mpaka kifuliwe.

SimbaWaLikoni:
Nimezibua vitundu vya milango sasa hivi. Wa nyuma kushoto umetoa maji nusu kikombe. Natafuta kijiti kingine.